Kilomita 16 zilizopotea: difu ya lori la jeshi na vilima vya Pemba

Swali: Assalaam alaykum fundi. Mimi nipo Wete. Nimenunua lori lililokuwa la jeshi, 4x4, dizeli ya silinda 6, gia 4, na lile boksi dogo la gia nzito na nyepesi. Napakia matofali na mchanga, na msimu ukifika napakia karafuu kutoka mashambani. Tairi ni 12.00-20. Karatasi niliyopewa inasema difu ni 6/41 mbele na nyuma, na gavana ya pampu, ile inayoizuia injini isizidi, imefungwa kwenye mizunguko 2600 kwa dakika. Tatizo langu, nikifika kilomita 62 kwa saa limekwisha. Injini inalia mpaka masikio yanauma, na Fuso zinanipita kama nimesimama. Fundi mmoja ameniletea habari ya difu ya nyuma ya 7/39, ananambia ya mbele niiache kwa sababu siitumii. Mwengine anasema nifunge tairi 14.00-20, yaishe. Nifuate lipi?

Jibu: Wa alaykumu salaam, ndugu yangu wa Wete. Kabla ya kuligusa la difu nilichukua kalamu nikazipigia hesabu namba zako, nikaona hazikubaliani na lori lako. Kwa tairi hizo, difu hiyo na gavana hiyo, lori lilitakiwa likwame kwenye 78, siyo 62. Kuna kilomita 16 zimepotea. Ukinunua difu leo utakuwa unamlipa mtu akutafutie kitu ambacho huenda kimelala chini ya kiti chako.

Hesabu nakuonesha uifanye mwenyewe, maana utaihitaji tena. Tairi ya 12.00-20 ikizunguka mara moja chini ya mzigo inakwenda kama mita 3.4. Meno 41 ukiyagawa kwa 6 unapata 6.83, yaani propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu, inazunguka mara 6.83 ndipo tairi lizunguke mara moja. Gia ya nne kwenye giaboksi nyingi za gia nne ni ya moja kwa moja, injini ikizunguka mara moja na propela mara moja. Nimechukulia kuwa transfa yako, hilo boksi dogo unalolisema, nayo ukiiweka nyepesi inapitisha hivyo hivyo. Sasa gawa 2600 kwa 6.83, unapata mizunguko 380 ya tairi kwa dakika. Mara 3.4 ni mita 1,294 kwa dakika. Mara 60 ni kilomita 77 na nusu kwa saa, ushei.

Igeuze sasa. Ukiwa kwenye 62 injini inatakiwa iwe kwenye 2,080 hivi, na bado ina 500 mfukoni. Wewe unasema imekwisha. Mmoja kati ya hawa anadanganya: spidomita, karatasi, pedali, klachi, au masikio yako.

Nayataja masikio kwa heshima. Malori ya jeshi hayakuwekewa sponji wala zulia la kuzuia sauti. Dereva anakaa juu au ubavuni mwa injini, katikati pana kipande cha bati, na mlango wenyewe umelegea. Dizeli ya zamani ya silinda 6 kwenye 2,000 ndani ya kabati kama hiyo inakupigia kelele za kwenye 3,000. Lakini masikio hayalipunguzii lori mwendo, kwa hiyo tuendelee kumtafuta mwizi.

Anza na spidomita kwa sababu ni bure. Washa simu yako, programu yoyote ya ramani inayoonesha mwendo, na mtu mwengine aishike, siyo wewe unayeendesha. Tafuta pahala tambarare. Barabara za huko kwenu upande wa magharibi ni kupanda na kushuka, kwa hiyo sogea upande wa mashariki, kule Micheweni kwenye ardhi ya maweni, utapata kipande cha kutosha. Shikilia sindano palepale kwa dakika nzima, soma simu. Waya wa spidomita unasoma mzunguko wa shafti, haujui umefunga tairi gani. Lori lililopita mikono mitatu minne huwa limeshabadilishwa tairi, na mara nyingi kioo chenyewe cha spidomita kimetoka kwenye gari jengine. Kama lori lako ni la Uingereza, angalia pia kioo kisije kuwa kinasoma maili, ingawa maili 62 ni kilomita 100 na hilo silo lori uliloniandikia.

Ikiwa simu nayo inasema 62, nenda kwenye pedali. Injini imezimwa, mtu akanyage mafuta mpaka chini kabisa, wewe uwe kwenye pampu unautazama ule mkono mdogo. Lazima uguse skrubu ya mwisho. Niliwahi kuletewa lori, mwenyewe ameshalipia nusu ya giaboksi, tena giaboksi ya kutoka Dar. Nikaingiza mkono chini ya pedali nikatoa kipande cha mpira wa ndani wa tairi, kimekunjwa mara tatu. Dereva alikiweka kuzuia joto la miguu. Pedali ilikuwa inaishia robo tatu, na mkono wa pampu ulikuwa haujaigusa skrubu yake kwa miezi. Yule bwana hakujua acheke au alie. Fimbo za pedali nazo zina viungo vya mpira na vya chuma vinavyolika. Milimita mbili hapa, tatu pale, zikifika kwenye pampu zimekuwa kilomita kumi.

Halafu klachi. Ukiwa na mzigo, gia ya nne, mwendo wa 40, kanyaga mafuta yote kwenye mpando. Injini ikipanda sauti na lori halipandi nayo, klachi inateleza, na hapo ndipo utapata ile hali uliyoieleza: injini inalia kweli na gari haiendi. Harufu yake unaijua, kama kitambaa kinachoungua. Hili kwa lako nalishuku kuliko yote.

Breki zinazokamata utazijua kwa mkono. Endesha kilomita kumi bila kutumia breki sana, simama taratibu, pita kila gurudumu uweke mkono karibu na habu, yaani kitovu cha gurudumu. Karibu, nimesema, usiiguse kwanza. Inayokuchoma kabla hujaifikia ndiyo inayokula dizeli yako. Filta ya hewa na filta ya dizeli badilisha tu, usizijadili.

Na moja linalosahaulika kwa malori ya 4x4: inawezekana ekseli ya mbele imeunganishwa muda wote na wewe hujui. Wenzo wa transfa umekaa miaka bila kuguswa, ndani umeganda. Ukikata kona kwenye lami usukani unakuwa mzito na unarudi wenyewe, tairi za mbele zinalia na zinalika vipande vipande. Ukiona hivyo, jeki gurudumu moja la mbele, transfa ikiwa kwenye nyepesi na wenzo umewekwa kuendesha nyuma tu, na ulizungushe kwa mkono. Propela ya mbele itazunguka kwa sababu inafuata difu yake. Fuata propela hiyo mpaka kwenye transfa. Kama imegoma na gurudumu haliendi, mbele imefungwa.

Baada ya hayo, pima difu yenyewe. Karatasi ni maneno ya mtu. Jeshi linapotengeneza lori linatoa ekseli nzima stoo na kufunga, na aliyelinunua baada ya jeshi alifunga alichokipata. Upimaji ni huu. Weka mawe mbele na nyuma ya tairi za upande mmoja, jeki gurudumu moja tu la nyuma upande wa pili, weka stendi au gogo chini ya ekseli, giaboksi na transfa zote ziwe hazina gia. Chora mstari wa chaki kwenye tairi na mwengine kwenye propela. Mtu mmoja azungushe tairi pole pole mara 20 kamili, wewe hesabu propela. Kwa sababu gurudumu la pili limesimama chini, difu inalipa lile la juu mara mbili, kwa hiyo mizunguko 20 ya tairi ni mizunguko 10 ya krauni, ile gia kubwa ndani ya difu. Ukihesabu propela 68 na kidogo, gawa kwa 10, una 6.8, na karatasi imesema kweli. Ukihesabu 85 hivi, una difu nzito kuliko uliyoambiwa, yaani yenye mvuto zaidi na mwendo mdogo, na huyo ndiye mwizi wako. Fanya vivyo hivyo kwa ekseli ya mbele. Mafundi wengi hupima nyuma tu wakaridhika, na mimi nimeshakuta lori lina 6.83 nyuma na 6.17 mbele, mwenyewe ana miaka miwili analitukana kila anaposhika wenzo wa 4x4.

Kama ekseli zako zina gia ndogo ndani ya habu za magurudumu, kama za Unimog, njia hii inakupa jumla ya difu na habu kwa pamoja, na hiyo jumla ndiyo unayoitaka.

Mita 3.4 nazo usizichukue kwangu. Pakia mzigo wa kawaida, jaza upepo unaotumia siku zote, chora chaki kwenye tairi na kwenye sakafu, sukuma au endesha pole pole mpaka tairi lizunguke mara 5, pima kwa futi kamba. Ukipata mita 17 tuko pamoja. Ukipata 15 na nusu umefungiwa tairi za 9.00-20, na kule pembeni pameandikwa usichokisoma.

Tuseme umemaliza yote, klachi nzuri, pedali inafika, na lori sasa linafika 78. Bado unataka kulituliza, na hapo nakuelewa, kwa sababu kusafiri kwenye 2,000 mpaka 2,200 siku nzima kunachosha mtu na injini. Difu ya lori la jeshi haikuchaguliwa kwa ajili ya barabara ya Chake. Ilichaguliwa ili lori liburute mzinga kwenye tope, litembee mwendo wa askari wa miguu bila klachi kuungua, na lipande ukingo wa mto likiwa limejaa. Mwendo wa barabarani ulikuwa jambo la mwisho. Lakini jiulize wewe unafanya nini. Nusu ya kazi yako ni lami, nusu nyengine ni kuingia kwenye njia za mashamba ya karafuu mvua ikiwa imenyesha, udongo mwekundu, mteremko, magunia nyuma. Kazi hiyo ya pili ndiyo inayokufanya wewe uitwe na Fuso iachwe barabarani. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Pemba nzima kutoka ncha mpaka ncha ni kilomita 67 hivi. Chake mpaka Wete ni kama 30. Ukiwa na 60 bila kusimama ni nusu saa. Ukiwa na 80 ni dakika 22 na nusu. Umeokoa dakika saba na nusu, na hizo ni za kwenye karatasi, kwa sababu hakuna mtu anayeshika 80 na tani za mchanga kati ya Chake na Wete: kuna vilima, kona, matuta, watoto wa skuli, ng'ombe. Mwendo huo hata ukiwa nao utautumia vipande vya dakika moja moja.

Halafu upepo. Uso wa lori lako ni ukuta wa nyumba. Nguvu ya injini inayoliwa na upepo haipandi sawa na mwendo, inapanda kwa mwendo mara mwendo mara mwendo. Kutoka 60 mpaka 80 mwendo umeongezeka theluthi moja tu, lakini nguvu inayotakiwa kuusukuma upepo imekuwa mara 2.4. Dizeli isiyo na tabo ya umri huo ina nguvu za farasi 100 na ushei. Ukiigawia upepo, tairi na mafuta mazito ya difu, kwenye 80 haibakiwi na kitu cha kupandia. Kwa hiyo difu nyepesi sana itakupa gia ya nne ambayo utaitumia ukiteremka tu. Kila kilima utarudi ya tatu, na ya tatu nayo itakuwa imekuwa ndefu, injini iko chini, moshi mweusi, na dizeli uliyotaka kuiokoa inatoka kwenye ekzosi. Nimewaona watu wakilipa pesa nzuri ili walipate lori linalokwenda polepole kuliko zamani.

Ninalolipendelea kwa lori kama lako ni injini ikae kwenye 1,700 ukiwa kwenye 60, na 2,000 ukiwa kwenye 70. Dizeli nyingi za aina hii huvuta vizuri zaidi na kunywa kidogo zaidi kati ya 1,400 na 1,800, kwa hiyo 60 inaangukia pahala pazuri, na 70 unayo ukiitaka. Kwa tairi zako, hesabu inakuja 5.86. Kwa meno, hiyo ni 7/41. Umepoteza asilimia 14 ya mvuto katika kila gia, na hiyo, mradi una ile nzito ya transfa, utaistahimili shambani. Ya 7/39 uliyoletewa ni 5.57, inakupa 60 kwenye 1,640 na inakupokonya asilimia 18 na nusu. Kwa Unguja, kwa mtu anayekwenda tambarare mjini mpaka Makunduchi na mzigo mwepesi, ningesema sawa. Kwa Wete sisemi.

Lakini la 5.57 au 5.86 ni la kubishana kwenye kahawa. Lisilo na ubishi ni lile neno la "ya mbele iache". Hapo simama. Ukifunga 7/39 nyuma na 6/41 mbele, kisha siku moja ukaunganisha mbele, propela zote mbili zinazunguka sawa lakini magurudumu hayatakubaliana. Nyuma ikitaka kwenda mita 100, mbele inataka kwenda 81 na nusu. Hizo mita 18 na nusu lazima zimalizwe na kitu. Kwenye tope tairi zinateleza, zinazimaliza zenyewe, na unatoka unasema mbona hakuna tatizo. Ukifika kwenye lami tairi hazitelezi tena.

Lori moja la Unguja lililokuwa likibeba mawe lilifanyiwa hivyo hivyo. Mwenyewe alijua, akamwambia dereva wake asiguse wenzo. Mwaka ukapita, dereva akaondoka, akaja mwengine, hakuambiwa. Masika likazama, akavuta wenzo, likatoka vizuri, akafurahi, akapanda lami na wenzo uko vilevile. Hakufika mita mia tano. Nilipokwenda kulitazama, oili ilikuwa imechora mstari mweusi barabarani mpaka chini ya lori, boksi la transfa limepasuka kwenye shingo, na shafti inayotoka mbele imesokotwa kama kamba ya nazi. Boksi la namna hiyo halipo dukani. Lilikaa chini ya mwembe miezi minane likisubiri jengine.

Kwa hiyo ukibadilisha, badilisha mbili, meno yale yale kwa hesabu. Kama huwezi kupata mbili, hujapata hata moja. Nakuonya pia kuwa difu ya Fuso haiingii kwenye ekseli ya lori la jeshi kwa sababu tu kichwa chake kinafanana kwa macho. Krauni na pinioni, ile gia ndogo inayoizungusha, ni mume na mke, hutoka kiwandani pamoja na huwa vimegongwa namba moja. Krauni ya huku na pinioni ya kule vitalia kama nyuki na kuvunjika. Ukibadilisha meno, unene wa krauni hubadilika, na mara nyingi hata kikombe cha difu kinachoshika krauni hubadilika. Upangaji wa shimu, vile vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi, unataka mtu mwenye saa ya kupimia na rangi ya kupaka kwenye meno aone yanagusana wapi. Kama fundi anakwambia ataipanga kwa kusikiliza, mpe chai, muage.

Tairi za 14.00-20 ni njia ya kweli, siyo utani, na yule aliyekuambia hakosi yote. Mzunguko wake ni kama mita 3.77, kwa hiyo zinaliongezea lori asilimia 11 bila kufungua difu, mbele na nyuma kwa pamoja, na difu yako ya 6.83 inakuwa kama 6.16. Ukiwa na jangwa mbele yako ningekushauri. Lakini zinataka rimu pana kuliko za 12.00-20, inchi 10 badala ya 8 na nusu. Zitagusa madigadi na pengine sipringi ukikata kona. Usukani usio na msaada utakuvunja mabega pale sokoni Wete unapogeuza. Na breki zako zile zile sasa zinashika tairi kubwa zaidi, kwa hiyo zimedhoofika kwa asilimia 10 hivi. Kupakia magunia nako kumekuwa juu zaidi, waulize wapakizi wako. Na siku ikipasuka moja, utaipata wapi Pemba?

Njia ninayoipenda kuliko zote haikutajwa na mafundi wako: kuiacha difu na kubadilisha gia ya juu tu. Tazama Wamarekani walivyofanya kwenye lori lao la tani 2 na nusu, M35A2. Difu yake ni 6.72, karibu sawa na yako. Injini inaishia 2600, kama yako, na tairi zake ni ndogo, 9.00-20. Lakini linafika 90 kwa saa. Siri iko kwenye giaboksi: gia ya nne ndiyo ya moja kwa moja, na ya tano ni overdraivi ya karibu 0.8, yaani injini haijamaliza mzunguko mmoja, propela imeshamaliza wake. Gia ya kwanza mpaka ya nne zina nguvu yote ya shambani, na ya tano inatulia barabarani.

Ukipata giaboksi ya gia tano ambayo ya tano yake ni 0.8, lori lako kwenye 60 litakuwa 1,600 na ushei, na hujapoteza hata chembe ya mvuto kwenye gia za chini. Ekseli zote mbili hazijaguswa, kwa hiyo 4x4 iko salama. Ukifika kwenye kilima unarudi ya nne, na ya nne ni ile ile uliyoizoea leo. Na kwa kuwa gia imeongezwa juu, pengo kati ya gia na gia halijatanuka. Angalia tu usiuziwe ile ambayo ya tano yake ni moja kwa moja. Zipo nyingi, na hizo zinakugawia ulichonacho vipande vitano badala ya vinne bila kuongeza kitu. Zungusha shafti ya mbele ya giaboksi ikiwa kwenye gia ya tano, mara 10. Shafti ya nyuma ikizunguka 12 na nusu, una overdraivi. Ikizunguka 10, rudisha dukani.

Kazi yake iko kwenye kufunga. Angalia meno ya shafti inayoingia kwenye klachi, yakitofautiana utatafuta klachi pleti ya kuoanisha. Angalia kengele ya klachi, yaani lile ganda linaloifunika, matundu yake na kina chake. Giaboksi mpya ikiwa ndefu, shafti inayokwenda kwenye transfa itafupishwa. Kama transfa yako imekaa mbali na giaboksi na katikati pana shafti fupi, una bahati, maana kazi yote inaishia kwenye shafti hiyo moja. Ifupishwe na mtu mwenye mashine ya lathe na ipimwe mizani, isije ikatetemeka. Kama transfa imefungwa mgongoni mwa giaboksi kama kitu kimoja, basi njia hii imefungwa kwako, rudi kwenye 7/41 mbili au kaa na ulichonacho. Na mimi mwenyewe, lori lingekuwa langu na linafika 78 kwa afya, ningekaa nalo, pesa nikanunua breki.

Kuhusu gavana, najua atatokea wa tatu atakayekuambia ukate sili uipandishe mpaka 3,000. Usikubali. Pistoni za injini hizo ni nzito na zinapanda na kushuka masafa marefu, hazikutengenezwa kwa kasi hiyo.

Neno la mwisho ni la mteremko, kwa sababu hakuna aliyekutajia. Leo ukishuka Mkoani kuelekea bandarini na mzigo, unaweka ya pili na injini inakushikilia, breki unazigusa tu. Ukifunga difu nyepesi ya 7/39, injini itakushikilia kidogo zaidi ya sehemu nne kwa tano ya ilivyokuwa. Mkono na mguu wako vimezoea lori la zamani. Kwa wiki za mwanzo shuka kwa gia moja chini ya uliyoizoea, na ukifika bandarini pita kwenye magurudumu kwa mkono wako tena, ulinganishe joto na la siku ile ya kwanza.

Fanya kwanza la simu na la pedali, kesho asubuhi, kabla hujapakia. Kisha niandikie namba mbili: simu imesoma ngapi, na propela imezunguka mara ngapi kwa mizunguko 20 ya tairi. Huyo wa 7/39 mwambie asubiri.